Wenye Minara

Mwananchi wa Nzega akiulizwa ule mnara uliosimama nyuma ya soko ni wa nani, atajibu bila ya kusita kuwa ni mnara wa Voda. Na ndugu yake wa Songea atasema wa kwao ni wa Tigo, ingawa jina hilo la Tigo lenyewe liliondolewa Novemba 2024 na mahali pake pakatiwa jina la Yas. Huenda wote wawili wamekosea. Tigo iliafikiana kuuza minara yake 1,020 mwaka 2010, na Vodacom ikafuata mwaka 2013 kwa kuuza minara 1,149. Aliyeinunua yote ni mnunuzi mmoja. Mnunuzi huyo hauzi vocha, hana duka mtaani, hatangazi redioni, wala hana mashati ya rangi ya kuwavalisha vijana wa stendi. Jina lake ni Helios Towers, makao yake makuu yako London, na katika Tanzania peke yake ana minara zaidi ya 4,000.

Twaona yafaa wasomaji wetu waijue kampuni hii, maana kila apigaye simu, kila atumaye fedha kwa mama yake kijijini, kila mfanyabiashara wa mahindi aulizaye bei ya Kibaigwa kabla ya kupakia gari, sauti yake hupita juu ya chuma cha kampuni hiyo au cha wenziwe wa namna hiyo. Jambo kubwa kiasi hiki halifai kukaa gizani. Wala hatuandiki kwa nia ya kumchongea mtu. Mgeni aliyeleta mtaji, akafanya kazi, akaacha nchini kitu kinachosimama, hastahili matusi. Astahili kujulikana, na kuulizwa yale ambayo mwenye mji humwuliza kila mtu ajengaye uani kwake.

Simu ya mkononi iliingia nchini mwaka 1994, Mobitel ilipofungua huduma zake. Vodacom ikaja mwaka 2000, Celtel mwaka 2001, na kila moja ikajenga minara yake kwa gharama yake, tena ikiilinda isikaribiwe na mwenziwe, kwa kuwa siku zile mnara ulikuwa ndiyo silaha ya vita vya biashara: mwenye mnara Sumbawanga ndiye mwenye wateja wa Sumbawanga. Ndipo tukaona juu ya kilima kimoja minara mitatu imesimama bega kwa bega, kila mmoja na uzio wake, na mlinzi wake, na jenereta lake likinguruma usiku kucha. Na ng'ambo ya pili ya bonde hakuna hata mmoja, watu wanapanda juu ya vichuguu kutafuta mtandao. Watu wa Babeli walau walijenga mnara mmoja.

Dawa ya upuuzi huo ilipatikana Marekani katika miaka ya 1990. Kampuni ya Crown Castle ilianza Houston mwaka 1994, na American Tower ilianza Boston mwaka uliofuata. Wala hazikuwa kampuni za simu. Hekima yao ni ile ile ya mwenye nyumba wa Manzese. Mtu ajengaye nyumba ya vyumba sita hununua kiwanja mara moja, huchimba msingi mara moja, na huezeka bati mara moja. Mpangaji wa kwanza humsaidia kulipa deni la saruji. Mpangaji wa pili hamwongezei bati wala tofali, isipokuwa kitasa na ufunguo. Basi pango lake, karibu lote, ni faida. Akija wa tatu, mwenye nyumba huanza kufikiri habari za kiwanja cha pili.

Hivyo ndivyo ulivyo mnara wa simu. Ardhi, msingi wa zege, chuma, uzio, betri, jenereta na mlinzi, hizo zote ni gharama zilizopo awepo mpangaji mmoja au wawe watatu. Kampuni ya simu hutundika antena zake juu, huweka mashine zake chini, na hulipa pango kwa mkataba ambao mara nyingi hufika miaka kumi au kuzidi. Kwa hiyo wenye biashara hii wana hesabu moja waiangaliayo kuliko zote, nayo ni wastani wa wapangaji kwa kila mnara. Mwishoni mwa mwaka 2024 wastani wa Helios ulikuwa umepita kidogo wapangaji wawili. Mtu asiyejua aweza kuidharau tarakimu hiyo. Bali ndani yake ndimo ilimo siri yote.

Na kampuni ya simu kwa nini ikubali kuuza? Kwa sababu inataka fedha taslimu leo, inunue mitambo ya intaneti iliyo bora, imshinde jirani yake. Tena imechoka kuhangaika na dizeli, na wezi wa dizeli, na betri zinazokufa kwa joto. Basi huuza, na siku ile ile hutia sahihi mkataba wa pili wa kupanga pale pale ilipouza. Aliyekuwa mwenye nyumba huamka asubuhi ni mpangaji katika nyumba aliyoijenga kwa mikono yake.

Helios yenyewe haikuzaliwa na matajiri wa Ulaya watupu, na jambo hili latupendeza kulitaja. Nyuma yake ilikuwako kampuni ya uwekezaji ya Helios Investment Partners, iliyoanzishwa mwaka 2004 na Wanaijeria wawili wakaao London, Tope Lawani na Babatunde Soyoye. Kampuni ya minara iliundwa mwaka 2009, na katika wawekezaji wake wa kwanza zilikuwamo fedha za George Soros na za Albright Capital, kampuni ya Madeleine Albright aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani. Mwaka 2010 Millicom, iliyokuwa na jina la Tigo, iliiuzia minara ya Ghana, ya Tanzania, na ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Katikati ya miaka ya 2010 Airtel nayo ikaiuzia minara ya Kongo zote mbili. Mwaka 2019 ikaingia Afrika Kusini. Mwaka 2021 ikaingia Senegal na Madagaska. Mwaka 2022 Malawi, na kabla mwaka huo haujaisha ikavuka bahari mpaka Omani, ikanunua minara zaidi ya 2,500 ya Omantel. Kampuni iliyoanza bila ya mnara hata mmoja mwaka 2009, mwishoni mwa 2024 ilikuwa na minara zaidi ya 14,000 katika nchi tisa.

Habari za Omani zatufanya tutabasamu kidogo. Kuna koo zenye mguu mmoja Unguja na mguu wa pili Nizwa, ambazo zamani barua zao zilingoja pepo za kaskazi na kusi, jahazi lifike au lisifike. Leo shangazi wa kule akimpigia mpwa wake wa huku, huenda mnara unaopokea sauti ncha ya kwanza na mnara unaoitoa ncha ya pili ni wa mwenyeji mmoja, naye hana asili ya kule wala ya huku.

Faida yake nchini hatuikani. Mahali pasipo umeme wa gridi wenye minara wamepeleka betri na sola. Mafundi wetu vijana wamejifunza kupanda juu ya chuma kwa mikanda ya usalama na kushuka wazima. Na kampuni mpya ya simu itakayo kuanza kazi haina haja tena ya kuchimba msingi kila kilima. Yale majenereta matatu juu ya kilima kimoja sasa yaweza kuwa moja. Asemaye hayo si maendeleo anasema uongo.

Walakini yapo mambo matatu ambayo hatuwezi kuyanyamazia, na la kwanza ni dola.

Mikataba ya kupangisha minara katika Afrika mara nyingi huandikwa kwa dola, au huandikwa kwa fedha ya nchi lakini hufungwa kwenye kamba ya dola, na ya kupanda kwa bei za vitu, na ya bei ya dizeli. Mwenye mnara husema, naye asema kweli, kwamba amekopa dola, amenunua chuma kwa dola, na mkopeshaji wake hataki kusikia habari za shilingi. Lakini tazameni upande wa pili. Mwaka 2009, kampuni hii ilipozaliwa, dola moja ilinunuliwa kwa shilingi 1,300 hivi. Katikati ya mwaka 2024 ilipita shilingi 2,600. Maana yake, pango la dola ambalo halikuongezeka hata senti moja limekuwa maradufu kwa mtu ahesabuye shilingi. Mnara haukurefuka hata shubiri. Mpangaji hakuongezewa hata bolti. Na mpangaji huyo, yaani kampuni ya simu, hukusanya shilingi mia tano mia tano kwa dereva wa bodaboda, na muuza maandazi, na mwanafunzi. Kuna mtu mwingine wa kuulipa mzigo huo isipokuwa hao?

Serikali yetu imekwisha kuchukua hatua. Kwa kanuni zilizotangazwa Machi 2025 imepigwa marufuku kutaja bei na kudai malipo ya fedha za kigeni katika biashara za ndani, na mikataba iliyokwisha kufungwa ikapewa mwaka mmoja wa kurekebishwa. Twaipongeza kwa moyo. Ila twaijua pia werevu wa wanasheria wa mijini. Mkataba waweza kusomeka shilingi ukurasa wa kwanza, na ukurasa wa arobaini, kwa herufi ndogo, pakawa na kifungu kisemacho shilingi hizo zitapanda kila robo mwaka kwa kadiri ya dola. Hiyo itakuwa dola iliyovaa kanzu. Benki Kuu isitosheke na kuambiwa kwamba mikataba imebadilishwa. Iitishe, iisome mpaka kurasa za mwisho.

La pili ni hisa. Wazee wetu wa Chama walipoandika Azimio la Arusha mwaka 1967, waliyataja mawasiliano kwa jina katika njia kuu za uchumi zipasazo kuwa chini ya wananchi. Mengi yamepita tangu hapo. Tumeshuhudia Shirika la Posta na Simu likigawanywa katika miaka ya 1990. Tumeshuhudia asilimia 35 ya TTCL ikiuzwa mwaka 2001, kisha tukashuhudia Serikali ikiirudisha yote mikononi mwake mwaka 2016. Mwaka 2019 sehemu ya Serikali katika Airtel Tanzania ikapandishwa kutoka asilimia 40 hadi 49. Hatusemi leo minara itaifishwe. Nyakati ni nyingine, na mnara uliotaifishwa bila ya fedha za dizeli ni mti mkavu. Twasema tu kwamba wazo la mwananchi kuwa na fungu lake katika mawasiliano halikufa mwaka ule azimio lilipolegezwa. Sheria ya Fedha ya mwaka 2016 ililifufua kwa sura ya kisasa, ilipozitaka kampuni zenye leseni za mawasiliano ziuze robo ya hisa zao kwa umma kwa njia ya Soko la Hisa la Dar es Salaam. Vodacom ikaitika: hisa milioni 560, kwa shilingi 850 kila moja, jumla shilingi bilioni 476, na Agosti 2017 zikaanza kuuzwa na kununuliwa sokoni. Ni kweli kwamba baadaye bei ilishuka chini ya ile waliyonunulia, na walimu wengi waliotoa akiba zao wakanung'unika. Soko ndivyo lilivyo. Hata hivyo wana karatasi zao, wanaalikwa mkutanoni, na hesabu za kampuni wanazisoma.

Helios nayo ilikwenda sokoni, Oktoba 2019, ila soko lake lilikuwa la London, hisa moja kwa pensi 115. Hatuoni ajabu, huko ndiko ziliko fedha nyingi. Lakini matokeo yake ni haya, kwamba mwalimu mstaafu wa Bristol, kwa mfuko wake wa pensheni, aweza kula sehemu ya pango la mnara wa Nzega pasipo kujua Nzega iko bara gani. Na mwalimu wa Nzega, autazamaye mnara ule kila asubuhi akichora kivuli chake juu ya uwanja wa shule, hana njia nyepesi ya kununua hata hisa moja. Kwa nini tawi la Tanzania, lenye minara mingi kuliko tawi jingine lolote la kampuni hiyo, lisiwe na hisa zake Dar es Salaam?

Na faida ya hisa si gawio tu. Kampuni mama ilitangaza hasara mwaka 2021, na 2022, na 2023, hata mwaka 2024 ndipo faida ikaonekana. Na miaka yote hiyo mapato na minara vilikuwa vikiongezeka. Hasara za namna hii si za mwenye duka aliyekosa wateja. Ni riba za mikopo mikubwa ya kununulia minara, na hesabu za kuchakaa kwa mali. Hakuna hila katika hilo, na wakaguzi wa London wanazipitia. Lakini ni haki yetu kufahamu kodi ya mapato inakaaje katika biashara ambayo hukopa sana ili ikue sana. Kampuni iliyoandikishwa katika soko letu hulazimika kuchapisha hesabu zake hapa hapa, kwa shilingi zetu, mbele ya macho yetu, na mtumishi yeyote wa umma aliye na kalamu aweza kuzijumlisha.

Hapo pana jambo la pembeni ambalo halipendezi, nalo hatulifichi. Mwaka 2021 Airtel Tanzania iliafikiana kuuza minara yake kama 1,400 kwa ushirika wa SBA Communications ya Florida na Paradigm. Kwa kuwa Serikali inayo asilimia 49 ya Airtel Tanzania, basi Jamhuri ilikuwa mmoja wa wauzaji. Pengine ilikuwa biashara nzuri. Lakini wanaosema kwamba minara yote iliondoka mikononi mwetu kwa ujanja wa wageni, na wakumbuke kwamba mara moja walau mkono uliouza ulikuwa na pete yetu.

La tatu ni shamba. Mnara hausimami hewani. Husimama juu ya kipande kidogo cha ardhi, pengine hatua kumi na tano kwa kumi na tano, ambacho jana kilikuwa na mihogo. Mwenye shamba huletewa karatasi, huambiwa kiasi cha pango, na kiasi hicho machoni pake ni kikubwa kuliko mihogo ya miaka mitatu. Hutia sahihi, au dole gumba. Asichokijua ni kwamba amefunga mkataba mrefu, kwamba nyongeza ya pango lake imekadiriwa kwa kipimo kingine kabisa na ile ya mwenye mnara, na kwamba mpangaji wa pili na wa tatu watakapotundika antena zao, mwenye mnara atapokea mapango matatu, naye mwenye mihogo atabaki na lile lile la kwanza. Mikataba hii huandikwa Kiingereza. Bunge letu mwaka 2021 lilibadili sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Jaji aweza kutoa hukumu kwa Kiswahili, na mkulima wa Mbozi asomewe pango lake kwa Kiingereza? Na mahali ambapo ardhi ni ya kijiji, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imeupa mkutano mkuu wa kijiji sauti yake. Mwenyekiti asiyeitisha mkutano huo kwa sababu amekwisha kunywa soda na maofisa wa kampuni hana haki ya kulalamika mnara ukishasimama.

Tumesema mambo ni matatu, na kumbe liko la nne limejitokeza tulipokuwa tukiandika.

Mwenye minara hufuata wapangaji, na wapangaji hufuata watu wenye fedha. Hiyo si dhambi, ni biashara. Ndiyo sababu mitaa ya Kinondoni ina minara ya kutosha, na vijiji vya mpakani vikakaa miaka mingi vikipokea mtandao wa nchi jirani. Ili kuziba pengo hilo Serikali iliunda Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote kwa sheria ya mwaka 2006, na Mei 2023 mbele ya Rais ilitiwa sahihi mikataba na kampuni za simu ya kujenga minara 758 katika kata 713, iwafikie wananchi wa vijiji 1,407, kwa kusaidiwa na ruzuku ya mabilioni ya shilingi. Ni kazi kubwa, na mama mjamzito aliyepata kuita gari la wagonjwa usiku wa manane hahitaji tahariri yetu kujua thamani yake.

Basi na ifikiriwe mapema. Mnara uliojengwa kwa ruzuku ya umma mahali pasipo faida leo, waweza kuwa mahali pa faida baada ya miaka kumi, barabara ya lami ikifika na mji mdogo ukiota. Siku hiyo kampuni ya simu itataka fedha taslimu kama ilivyotaka mwaka 2010 na mwaka 2013, na mnunuzi kutoka London au Florida atakuwapo mlangoni na kalamu yake. Mkataba wa ruzuku useme waziwazi: mnara huu ukiuzwa, fungu la bei lililo sawa na fungu la ruzuku litarudi katika Mfuko, lijenge mnara mwingine mahali pengine palipo kimya. Kifungu hicho ni sentensi moja. Mwanasheria wa Mfuko aweza kuiandika kabla ya chakula cha mchana, na mikataba ijayo ikatiwa sahihi alasiri.